Mto Uliohama: Siku Saba Kufuata Maji ya Pangani

Siku ya kwanza, Jumamosi. Pangani

Gari la Tanga limenishusha saa nane mchana, jua la utosi. Shule imefungwa, likizo ya Desemba imeanza, na safari niliyokuwa nikiiahirisha kwa miaka mitatu leo nimeianza. Nafundisha jiografia. Kila mwaka nauchora mto Pangani ubaoni: Kikuletwa unateremka kutoka Meru na Kilimanjaro, Ruvu unakuja kutoka upande wa Ziwa Jipe, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mstari mmoja unashuka hadi Bahari ya Hindi. Kilomita 500 hivi, naandika pembeni. Wanafunzi wananakili, nafuta, tunahamia mto mwingine. Lakini mimi ni mtoto wa Pangani, na mstari ule wa chaki mwisho wake ni shambani kwa shangazi yangu.

Bodaboda amenifikisha kijijini, kando ya mto, juu kidogo ya mji. Shangazi nimemkuta barazani anasuka makuti. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za watoto, Tanga mvua zimenyesha? Hazikunyesha. Hata huku vuli imepita kama mgeni asiyevua viatu. Kabla sijakaa akaninyooshea kata.

"Onja."

Yalikuwa maji ya mto, yamechotwa pale kwenye ngazi ya udongo tulipokuwa tukiogea utotoni. Nikayatia mdomoni, nikayatema. Hayakuwa makali kama ya bahari wazi, ila ungeyapikia mchuzi usihitaji kutia chumvi.

"Leo bamvua," akasema. "Ngoja saa kumi ifike, ndipo utayajua."

Kwa asiye wa pwani: bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja siku za maji mafu, bahari ikatulia. Bamvua hazikuanza jana. Kilichobadilika ni kile zinachokikuta mtoni. Zamani bahari ikipanda ilikutana na maji matamu yenye nguvu ya kuisukuma irudi kwake. Sasa inapanda na hakuna wa kuizuia.

Tumezunguka shamba kabla jua halijazama. Safu ya minazi iliyo karibu na mto nimeihesabu: kumi na mmoja haina kichwa, imebaki kama milingoti ya majahazi yaliyozama. Mtoto wa pwani anazijua hatua za nazi kabla hajajua kusoma: kidaka, dafu, koroma, nazi. Hapa vingi havivuki kidaka. Nimeokota kimoja chini, kadiri ya yai la kuku, kofia yake bado kijani. Nimekipasua kwa kisu cha shangazi. Ndani kilikuwa cha kahawia, kikavu, kimesinyaa na kuachana na ganda, kama kitu kilichokaushwa juu ya moshi. Hakikuwa na tone la maji.

Nikamuuliza kama si ule ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umemaliza minazi mingi ya pwani hata mahali pasipo na mto. Anaujua, umemuulia minazi ya upande wa barabarani. "Ule hauchagui mahali," akasema. "Huu unaanzia mtoni, kila mwaka unapanda safu moja."

Nyumba ya shangazi ina umeme, taa moja barazani na moja chumbani. Usiku tumekaa chini ya ile ya barazani, wadudu wanaizunguka. Nikamweleza ninakokwenda: Hale, Korogwe, hadi Buiko. Akafikiri kwa muda, mikono haijaacha kusuka.

"Ukifika huko juu niulizie jambo moja. Yale maji ya masika, yaliyokuwa yakija mekundu na magogo yake, yakikaa shambani wiki nzima yakiondoka yameacha tope jeusi. Wanayaweka wapi?"

Siku ya pili, Jumapili. Mtoni

Nahodha ni kijana wa hapahapa kijijini. Tumesubiri maji yaanze kujaa ndipo yatupandishe, tukaondoka saa sita. Yeye haangalii kipimo chochote, husoma miti. Mlangoni mwa mto ni mikoko na michu, kama inavyopaswa kuwa. Tulipopanda akaanza kunionyesha kwa kafi: mchu mchanga ule, umeota katikati ya minazi ya watu. Mwingine. Mwingine tena, mizizi yake ya kupumulia imechomoza matopeni kama vidole vya mtu aliyezikwa. "Mchu haupandwi," akasema. "Chumvi ikifika, wenyewe unakuja." Babu yake alikuwa akilima mpunga pale.

Hapa nikakumbuka jambo ambalo huwasomesha wanafunzi bila kulitilia maanani. Katika karne ya 19, kabla Wajerumani hawajamnyonga Abushiri bin Salim mjini Pangani mwezi Desemba 1889, kingo hizi za mto zilikuwa mashamba ya miwa. Walilimishwa watumwa, na jasho lao ni hesabu nyingine ambayo haijalipwa. Sukari ya Pangani ilikwenda Unguja kwa majahazi. Muwa hauvumilii chumvi. Kwa hiyo mahali tulipokuwa tunapita, kafi ikichota maji yanayowasha kidonda, palikuwa na maji matamu ya kumwagilia miwa.

Nahodha anavua pia. Anasema kamba siku hizi ni wa kubahatisha. Kamba wadogo hulelewa mlangoni mwa mito, chumvi na utamu vinapochanganyika, na chakula chao huletwa na mafuriko kutoka bara. Vivyo hivyo mchanga. Mto unaopita kwenye bwawa huacha mzigo wake humo, tope na mchanga vikatua chini, maji yakatoka upande wa pili mepesi. Ufukwe ulizoea kulishwa mchanga huo, na bahari haikungoja. Pale mjini Pangani imebidi kujenga ukuta wa mawe.

Siku ya tatu, Jumatatu. Muheza hadi Hale

Njia ya Muheza nimeipita nusu nikisinzia. Mkonge, mkonge, michungwa, mkonge. Muheza nikanunua machungwa matano, nikapanda gari la Korogwe, nikashuka Hale saa saba.

Nilikuja kutafuta sauti. Wazee wa Hale husema maporomoko ya Pangani zamani yaliwapigia kelele usiku kucha, mgeni asipate usingizi. Nimetembea na kijana mmoja hadi ng'ambo panapoonekana bonde lenyewe. Mawe, meusi na makubwa, yamelainishwa na maji yaliyopita juu yake miaka isiyohesabika, na sasa mijusi inaota jua juu yake. Maji yalikuwapo, siwezi kusema hayakuwapo. Yalipita katikati ya mawe kwa mikono miwili mitatu midogo. Mto wenyewe uko chini ya miguu yetu, umeingizwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo.

Kituo cha kwanza cha umeme cha Pangani kilijengwa wakati wa ukoloni, mwaka 1934. Cha Hale, chenye mitambo chini ya ardhi, kilianza 1964, megawati 21. Mwaka 1995 kile cha zamani kikapokewa na kipya cha megawati 68, kwa fedha za Finland, Norway na Sweden. Juu kabisa, Nyumba ya Mungu, kuna megawati 8. Jumla 97. Miaka mingi Tanga yote, viwanda na hospitali, vilitegemea maji haya, na mimi nilisomea mitihani yangu chini ya taa hiyo. Siwezi kusimama hapa nikasema isingejengwa.

Ila nilikaa juu ya jiwe moja nikafikiria chura. Huko Kihansi, kwenye safu za Udzungwa, mwaka 1996 watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano, hazidi ncha ya kidole gumba, anayezaa watoto walio hai bila kutaga, na anayeishi mahali pamoja tu duniani: kwenye manyunyu ya yale maporomoko. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Mwaka 2000 maji ya Kihansi yakaingizwa kwenye handaki ili kuzalisha megawati 180, manyunyu yakapotea, kinamasi kikakauka. Vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Porini wakawekewa manyunyu ya bandia, wakaongezeka kwa muda, halafu ukaja ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kumrudisha, kwenye manyunyu ya bandia yanayotoka kwenye mabomba.

Yule alibahatika kuonekana kabla. Hapa Pangani mwaka 1934 hakuna aliyepiga magoti kwenye mawe haya kuangalia nani anaishi kwenye ukungu wa maji. Walioishi humo, kama walikuwapo, walikwenda bila jina.

Siku ya nne, Jumanne. Hale, kisha Korogwe

Asubuhi nimempata mzee mmoja aliyefanya kazi kituoni zaidi ya miaka thelathini, sasa anafuga mbuzi. Shikamoo mzee. Marahaba mwalimu, karibu kiti. Nikamfikishia swali la shangazi kama lilivyo, sikupunguza neno. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza, akaliweka swali mbele yake kama mtu anayepima mzigo.

"Umeme huwezi kuuweka ghalani kama mahindi," akaanza. "Ukitaka akiba ya umeme, weka akiba ya maji. Mto huu kiangazi ulikuwa unakonda, mitambo inakosa nguvu. Masika unafura, maji yanapita juu ya ukuta bure. Ndiyo maana miaka ya sitini wakajenga Nyumba ya Mungu, yakinge masika, yaachiliwe kidogokidogo kiangazi. Mwambie shangazi yako, masika yake ndiyo iliyokuwa ghala letu."

Sikutegemea kujibiwa waziwazi namna ile. Nikamuuliza: basi kiangazi huko chini maji si yangezidi, maana yanaachiliwa? Akatikisa kichwa. Ghala lenyewe linavuja kwa juu. Bwawa ni pana, kina chake kifupi, liko kwenye nyika yenye jua kali, jua linakunywa mchana kutwa. Na huko juu kila mwaka mdomo unaongezeka: mifereji ya milimani, mpunga, miwa, maua, miji inayokua. "Usimlaumu mtu mmoja, mwalimu. Kila mmoja amechota kata yake. Wa mwisho ndiye anayekuta mtungi mtupu."

Hapo nikaielewa chumvi ya shambani kuliko nilivyoielewa kwenye kitabu. Mtiririko mdogo wa kiangazi hauisukumi bahari. Mafuriko ya masika, yaliyokuwa yakiosha udongo na kuirudisha chumvi baharini mara moja kwa mwaka, yamekatwa kilele. Chumvi inaingia kila bamvua, na kuoshwa hakuoshwi. Inalimbikizana kama deni.

Mchana nikahamia Korogwe. Sokoni mama mmoja anauza perege wakavu, wamepangwa kwenye ungo wakitazama upande mmoja. Wa wapi mama? Wa Nyumba ya Mungu. Wadogo kama kiganja cha mtoto. Anasema marehemu mumewe alikwenda kuvua huko bwawa lilipokuwa jipya, watu walitoka kila upande wa nchi, samaki walijaa mpaka wakakosa wa kuwanunua. Ndivyo ilivyokuwa kweli: bwawa jipya hunenepesha samaki, kwa sababu majani na udongo uliozama huwa mbolea. Miaka ya mwanzo ya 1970 Nyumba ya Mungu lilitoa maelfu ya tani, kisha mavuno yakaporomoka, na hayakurudi pale. Serikali imewahi kufunga uvuvi ili samaki wapumue. Waliojenga maisha yao juu ya neema ile ya miaka michache walibaki wanavua vidagaa.

Jioni mgahawani taa ziliwaka bila kupepesa. Mwenye mgahawa akasifu: "Siku hizi umeme hausumbui, bwawa la Mwalimu limetuokoa." Ana haki ya kusifu. Mgawo wa mwaka 2006 sijausahau, wanafunzi wangu wakisoma kwa mishumaa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo tisa, kila mmoja 235. Maana yake mitambo yote ya Pangani, tangu Nyumba ya Mungu hadi Hale na Pangani yenyewe, haifikii nusu ya mtambo mmoja wa kule. Walianza kulijaza tarehe 22 Desemba 2022.

Niliposikia hesabu hiyo niliacha kula. Ikiwa megawati 97 zimepandisha chumvi hadi ngazi ya shangazi, tuna wajibu gani kwa watu wa Rufiji? Kule wana kilimo chao kinaitwa mlau: mafuriko yakishuka wanapanda kwenye unyevu ulioachwa, bila kungoja mvua. Wana mikoko ya delta ambayo ni mingi kuliko mahali pengine popote pwani ya Afrika Mashariki. Mafuriko yanayoua watu hakuna anayeyalilia. Lakini mafuriko ya kawaida, yale ya kila mwaka, ni mkulima mwenzao.

Siku ya tano, Jumatano. Buiko

Usiku sikulala vizuri, nikasoma. Naandika hapa ili nisisahau ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2000 Tume ya Dunia ya Mabwawa, chini ya Kader Asmal wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti: mabwawa makubwa zaidi ya 45,000, na watu waliohamishwa kuyapisha kati ya milioni 40 na 80. Nimeitazama nafasi hiyo kati ya namba mbili. Watu milioni 40 wanaweza kuwapo au wasiwepo, kwa sababu hakuna aliyewahesabu vizuri.

Kariba, miaka ya 1950: Watonga wapatao 57,000 waliondolewa bonde la Zambezi. Mwaka 1958 waliokataa kuondoka walipigwa risasi na polisi wa kikoloni, wanane wakafa. Akosombo kule Ghana, mwaka 1965: watu 80,000, na ziwa lililozaliwa likatandaza maji yaliyotulia, konokono wakazaana, kichocho kikawaenea watoto wa kandokando. Aswan: Wanubi wapatao 100,000, wa Misri na wa Sudan, na makaburi ya wazee wao chini ya maji. Mahekalu ya mafarao yalikatwa vipande, yakapandishwa juu, yakajengwa upya. Makaburi ya kawaida hayakuwa na mfadhili.

Buiko ni ukingoni mwa mkoa wetu, Usambara na Upare zikiangaliana. Hapa Pangani ni mto wa nyika, umejikunja kwenye mafunjo, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa chini ya mgunga na mzee mfugaji na mkewe. Wanazungumzia vinamasi vya Kirua, huko juu kidogo, chini ya bwawa. Zamani mto ukifura ulitoka, ukalala juu ya nchi miezi kadhaa, ukirudi umeacha kambale kwenye madimbwi na nyasi za kiangazi kizima. Wafugaji, wavuvi na wakulima kila mmoja alikuwa na msimu wake palepale. Bwawa lilipojengwa mto ukaacha kutoka. Vinamasi vikasinyaa, wote wakajikuta kwenye kipande kimoja kidogo, na ugomvi ukaanza.

Nikawauliza kama walilipwa.

Yule mama ndiye aliyejibu. "Tulipwe nini? Hatukuhamishwa. Sisi tuko palepale. Mto ndio uliohama."

Nimeandika maneno hayo saa ileile, juu ya goti, kalamu ikitetemeka. Fidia zote ninazozijua zinamtafuta aliyeondolewa: nyumba yake, miti yake, makaburi yake, anapimwa, anatia sahihi. Huyu ambaye nyumba yake haijaguswa, mto ukamwondoka kidogokidogo kwa miaka hamsini, hana fomu ya kujaza. Hana siku anayoweza kusema ndiyo niliyofilisika. Shangazi yangu yumo humo. Nahodha yumo. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mahitaji ya nyumbani kwanza na maji ya mazingira ya pili, mbele ya mashamba makubwa na mitambo. Imeandikwa vizuri. Nataka nione siku maandishi hayo yanapofunguliwa kama lango la bwawa: maji yanaachiliwa kwa makusudi wakati wa masika, siku zilizopangwa na kutangazwa, yashuke hadi Pangani yakaoshe mashamba. Megawati chache zitapotea siku hizo, na mimi niko tayari kukaa gizani usiku huo.

Siku ya sita, Alhamisi. Tanga, Mabayani

Safari ndefu kurudi, basi limejaa. Nimeshuka Tanga na badala ya kwenda nyumbani nikachukua bodaboda hadi bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi.

Nimeona lazima nilitazame kwa sababu nalinywa. Tangu mwaka 1978 mji wa Tanga unakunywa maji ya bwawa hili. Uso wa maji ulikuwa mtulivu, korongo mmoja mweupe amesimama kwenye kina kifupi. Mto Zigi unatoka Amani, Usambara Mashariki, na huko juu wapo wakulima waliojiunga kutunza kingo: wanapanda miti, wanaacha kulima mita za ukingoni, wanazuia udongo usishuke kujaza bwawa. Mji nao unachangia kazi yao. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya zaidi ya shilingi bilioni 53 kupanua huduma, na maneno ya kutunza chanzo yalikuwamo.

Si bwawa kubwa, na si kwamba hapa hakuna shida. Lakini nimeona jambo ambalo Pangani sikuliona: anayekunywa anamjua anayelinda, na kuna kitu kinachopita mkononi kutoka chini kwenda juu. Kwenye mto Pangani umeme unakwenda kwenye gridi, ukishaingia gridini hauna kwao. Mtu anayepasha chai Mwanza hawezi kujua kwamba ndani ya birika lake mna kidaka kilichopukutika.

Siku ya saba, Ijumaa. Pangani

Nimerudi kijijini baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nimechota chupa moja ya maji pale Buiko, nikaibeba siku zote hizi kwenye mkoba. Shangazi ameifungua, amenusa, amemimina kidogo kiganjani. Yana tope, hawezi kuyanywa na sikumletea ayanywe. Ameyasugua kwa kidole gumba, tope likabaki kwenye mistari ya kiganja. Akalitazama kwa muda.

"Ndilo lenyewe," akasema.

Nikampa jibu la mzee wa Hale, neno kwa neno: masika yako ndiyo iliyokuwa ghala letu. Sikujua atalipokeaje. Aliinua macho kwenye taa ya barazani, mchana ule haikuwa imewashwa, kisha akatazama upande wa mto.

"Kumbe walijua," akasema taratibu. "Mimi miaka yote nilidhani hawajui kama tupo."

Nikamwambia na maneno ya mama wa Buiko. Haya aliyarudia mara mbili, akitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu na ndugu asiyemfahamu. Akaniuliza jina lake, anatoka kabila gani, ana watoto wangapi, na kama naye huko aliko ana mti wa kukaa kivulini.

Halafu akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Bamvua imekwisha, haya ni maji mafu, bahari haina nguvu ya kupanda, na jioni hii mto unapwa. Ndizo siku mbili tatu ambazo maji ya juu hufika ngazini yakiwa bado na utamu. Madumu sita yalikuwa yamepangwa mlangoni, na miche minne ya minazi kwenye makopo, ya kupandwa upande wa juu, mbali na mto.

"Twende mwanangu," akasema. "Tukichelewa yataanza kujaa."